Kiwavi wa Jirani

Jirani yangu, mtafiti wa wadudu waitwao nondo, hubana pumzi kila anapowaangalia, asije akawapeperusha unga wa mabawa. Siku hizi analea kiwavi wa nondo mdogo wa kijivu ambaye hakuna anayejua chakula chake. Kila asubuhi namsikia dirishani akimbembeleza kwa jani jipya: "Onja basi, mwanangu, usiniaibishe." Kiwavi hageuki hata kichwa. Jana nikatoka na brashi, nisugue ule ukungu wa kijani niliouacha miezi mingi uote kwenye ukuta wetu.

"Jirani, acha!"

Kumbe kiwavi ametoroka koponi, yuko ukutani anautafuna ukungu kwa pupa. Yule mama wa kubana pumzi akacheka hadi akakaa chini. "Uvivu wako, jirani, umenilishia mwanangu!"