Sadaka Isiyo na Neno la Siri

Picha ilinifikia Jumatatu asubuhi, nikiwa juu ya ngazi katika duka la dawa mjini Jinja, bisibisi mdomoni. Simu ilitetemeka mfukoni nikaitazama kwa mkono mmoja. Ilikuwa imezunguka simu nyingi kabla ya kufika kwenye kikundi cha wasapu cha ukoo wetu. Binti wa baba yangu mdogo, yule wa Mbale, ameketi kwenye mkeka uani kwao, kichwa wazi, kanga imemshuka begani, anachana nywele zilizotoka kuoshwa. Chini yake mtu ameandika, "Bibi arusi wenu huyo, anajitangaza." Nikaha yake ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

Wengine walitazama nywele. Mimi nilitazama kona ya juu ya picha, upande wa kushoto, palipoingia ncha ya mfereji wa bati uliopinda. Mfereji ule niliujua vizuri, nilikuwa nimeutukana. Nilipokuwa nafunga kamera kwa baba mdogo ulinizibia kona ya ua, nikausukuma ukakataa, nikasema basi, itatosha. Kwa hiyo sikuhitaji hata dakika moja. Picha ile haikupigwa kwa simu ya mtu. Ilitoka kwenye kamera niliyoifunga kwa mikono yangu.

Nilishuka ngazi, nikaomba maji, nikanywa, nikapanda tena. Halafu nikashuka. Mwenye duka, mama mpole sana, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia sina kitu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa wiki hiyo.

Mimi ni fundi wa mitandao. Naishi Bugembe, nje kidogo ya Jinja, na kazi yangu ni kufunga waifai na kamera kwenye maduka, nyumba za wageni na maduka ya dawa kuanzia Jinja hadi Mbale. Wateja wangu wengi ni Waislamu wenzangu, watu wa biashara, na wote wana undugu kwa njia moja au nyingine. Ukifanya kazi nzuri kwa mmoja, kufikia Ijumaa msikiti mzima unajua. Ukiharibu, hawasubiri hata Ijumaa.

Baba mdogo ana duka la jumla Namakwekwe, mtaa wa Mbale. Nyumba iko nyuma ya duka, ua uko katikati, na pembeni kuna vyumba vya kupangisha. Ramadhani iliyopita wezi waliruka ukuta wa ua wakaondoka na katoni za sabuni, ndipo akaniita nimfungie kamera mbili, moja mbele ya duka na nyingine uani. Nilipokuwa namalizia, akaja na ombi la pili. Alitaka waifai ya duka iwe wazi, isiwe na neno la siri kabisa, iwe sadaka kwa ajili ya mama yake.

Bibi yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Miezi yake ya mwisho alilala kwenye chumba kinachotazama ua, akisikiliza Kurani kwenye simu na kuongea na wanawe waliotawanyika. Baba mdogo aliona kwamba kila mpita njia atakayekaa kwenye benchi la duka na kusikiliza sura moja, au kumpigia mamake, thawabu itamfikia bibi kaburini. Alikwisha andika kibao kwa rangi ya kijani: Sadaka ya Bibi, karibuni. Ndilo jina alilotaka mtandao uitwe. Sasa wewe mwambie mtu aliyefiwa na mama yake kwamba sadaka yake ina tundu. Mimi sikuweza.

Wala haikuwa lazima nimwambie, na hapo ndipo penye kosa langu. Ruta ile ina uwezo wa kutoa mitandao miwili. Ningemfungulia wa sadaka kwa ajili ya benchi, kisha nikaufunga wa nyumba peke yake, wenye neno lake la siri, na kamera zikakaa humo. Ni kazi ya dakika ishirini. Lakini saa tisa alasiri ilikuwa inakaribia na nilitaka kufuturu Bugembe kwa mama yangu. Nikaziacha kamera kwenye mtandao ule ule wa sadaka. Na neno la siri la kamera nikaliacha lile lile la kiwandani, lililochapishwa kwenye kijitabu kinachokuja na kila boksi. Nikamwambia baba mdogo, "Nitarudi baada ya Idi nikamilishe." Idi ikaja ikapita, sikurudi.

Watu hudhani waifai inaishia ukutani. Haijui ukuta. Inavuka ukuta, inavuka barabara, inamfikia aliyekaa upande wa pili akila chapati. Mtandao ulio wazi ni wa kila aliye karibu, na yaliyomo ndani yake hayana pa kujificha. Na neno la kiwandani si siri hata kidogo, maana analijua kila aliyewahi kununua kamera kama ile, na asiyelijua atalikuta kwenye mtandao bila kuhangaika. Hayo nimewaeleza wateja mpaka mate yakanikauka. Nilikuwa nawafokea kabisa: badilisheni neno la siri, wageni wakae kwenye mtandao wao, msiniambie mtafanya kesho. Mdomo ninao.

Jumatatu hiyo hiyo nilimpigia baba mdogo. Nikamwambia achomoe waya wa kamera ya uani, ina hitilafu, itaunguza mashine. Hakuuliza neno. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Akachomoa. Nikajisifu moyoni kwamba angalau tundu limezibwa. Ujanja wa kipumbavu ule.

Jioni binti yake akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada," alisema, "wewe unajua mambo haya. Mama amechukua simu yangu, naongea kwa simu ya jirani. Wanasema nimejipiga picha nikamtumia mwanamume. Naapa sikujipiga. Waambie picha inaweza kutoka wapi." Niliusikiliza mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamjibu, "Nipo kazini, mdogo wangu. Nitakupigia." Sikumpigia.

Niliogopa. Sina neno jingine la kuweka hapo. Niliwaona waume wa Jinja na Mbale wakisema kamera za yule mwanamke zinawachungulia wake zetu, zing'oeni. Niliona jina langu likitembea kutoka duka hadi duka. Nikajiambia mambo yatapoa, wazee watasuluhisha, picha itasahaulika. Mwenyewe sikuamini hata nusu ya maneno hayo.

Sikuweza kukaa. Jumanne nilirudi kwa wateja wangu wote wa Jinja, mmoja baada ya mwingine, bila kuitwa. Kwenye nyumba ya wageni nilikuta mtandao wa wageni umechanganywa na kompyuta ya mapokezi, nikautenga. Kwa muuza vifaa vya ujenzi nilikuta neno la siri ni jina la duka, lile lile lililoandikwa juu ya mlango kwa herufi kubwa kama mbuzi. Nikampa refu, nikamwambia asilibandike ukutani. Nikazima kile kitufe cha ruta kinachomwezesha yeyote aliye karibu nayo kuunganishwa bila neno la siri. Kwa mama wa duka la dawa nilimwonyesha mtandao wa mlaghai unavyoweza kujipa jina la mtandao wake, simu za wateja zikaufuata zikidhani ni wenyewe, kwa hiyo asiandike mambo ya wagonjwa kwenye mtandao asioujua. "Leo una nini?" akaniuliza. "Jana ulikuwa unapanda ngazi na kushuka, leo unakimbia." Nikamwambia kazi ni nyingi.

Jumatano mama yangu aliniambia kwamba senga wa bwana arusi, yaani shangazi yake, anakwenda Mbale kesho yake kumhoji msichana. Huku kwetu senga ndiye anayefungua na kufunga mambo ya ndoa. Akirudi Jinja akasema hapana, hakuna mzee wa kumbishia. Mama alisema hayo huku akichambua mchele, kisha akanitazama. "Na wewe mbona huli?"

Alhamisi asubuhi nilichukua begi la kazi nikapanda gari la Mbale. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Tulipofika Iganga nilikuwa nimeamua kusema mdudu ameingia kwenye mashine. Tulipokaribia Mbale, na mlima umeshajitokeza mbele, nilikuwa nimeamua kulaumu watengenezaji wa kamera. Kila uongo niliutunga vizuri, na kila mmoja ulikwama kwenye kijitabu kile chenye neno la siri.

Kwenye benchi la duka alikaa mpangaji wa baba mdogo, askari magereza, mama mtu mzima wa kutoka kaskazini. Kila mtu humwita afande. Hukaa pale akitoka zamu, anaongea na watoto wake kwa waifai ya sadaka. Aliponiona akasogea kunipa nafasi. Sikukaa.

"Mtu ya kamera," akasema, "ile picha mimi naliona. Iko imepigwa kutoka juu. Sasa huyu mtoto alipanda paa kujipiga akichana nywele?"

Nikahamishia begi bega la pili.

"Mimi nilitaka kuambia wazee. Lakini mimi si Mwislamu, niko mpangaji tu, na Kiswahili yangu ni ya kambi. Nikasema dada yake anakuja, yeye najua." Akanitazama vile anavyowatazama wafungwa, nadhani, bila hasira. "Unajua, sivyo?"

"Najua, afande."

"Basi ingia."

Uani walikuwa wametandika mikeka. Senga alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, amekuja na dada yake. Baba mdogo alikaa karibu na mlango, mama mdogo pembeni yake, na binti alikaa peke yake, amejifunika mpaka mkononi, uso kauelekeza ukutani. Nilitoa salamu nikaitikiwa. Nikaomba ruhusa ya kuonyesha kitu kabla ya maswali. Sauti yangu ilikuwa imepanda kama ya mtu anayegombana, na hakuna aliyekuwa akigombana nami.

Nikaenda dukani nikachomeka ule waya. Nikarudi nikamwomba senga simu yake mwenyewe. Nikaiunganisha na Sadaka ya Bibi, haikuuliza neno la siri. Nikafungua kamera, nikaandika neno la kwenye kijitabu, nikamrudishia simu.

Senga alitazama. Akainua mkono kurekebisha miwani, na kwenye kioo mwanamke mdogo aliyeonekana kutoka juu naye akainua mkono. Hapo akavuta mtandio haraka mpaka kwenye paji la uso. Dada yake akachungulia, akavuta wake. Mama mdogo alitazama mfereji, akaiona kamera pale juu kama vile ndiyo kwanza imefungwa, akaanza kulia.

"Mtu yeyote aliyekaa pale nje angeweza kuona hivi?" senga akauliza.

"Yeyote mwenye simu na nia mbaya."

"Nani alifunga kitu hiki?"

"Mimi."

"Na hilo neno la kitabuni, nani aliliacha?"

"Mimi."

Baba mdogo akaingilia. "Mimi ndiye niliyetaka mtandao uwe wazi. Ni kwa ajili ya mama yangu."

"Baba mdogo, wewe ulitoa sadaka," nikamwambia. "Nyumba niliiacha wazi mimi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kufuturu."

Senga akailaza simu kifudifudi pajani. Kisha akasema, akimtazama binti na si mimi, "Mwanangu, huna kosa. Nitasema hivyo Jinja, na atakayebisha aje anione." Mama mdogo akamkumbatia binti yake. Nami nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha.

Binti akageuka kutoka ukutani. Macho yalikuwa yamevimba lakini sauti haikutetemeka.

"Jumatatu ulimwambia Baba achomoe waya."

Nikaitazama simu pajani mwa senga.

"Jumatatu asubuhi, kabla hata sijakutumia ujumbe. Nilimwona akichomoa." Aliongea polepole kama anayesoma. "Nimekaa hapa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, naulizwa nilimtumia nani. Mama aliniapisha kwa msahafu. Na wewe ulikuwa unajua."

"Niliogopa," nikasema.

"Na mimi je?"

Hakuna aliyenitetea. Hata mimi sikujitetea.

Aliyechukua picha hatukumpata. Afande aliulizauliza mtaani, akasema benchi lile limekaliwa na nusu ya Namakwekwe. Nikaha ilifungwa siku ile ile iliyopangwa. Lakini mchana ule wa Alhamisi, wageni walipokwenda kusali Adhuhuri, nilitoa kompyuta begini nifanye ile kazi ya dakika ishirini. Binti akaja akakaa upande wa pili wa mkeka.

"Nifundishe," akasema. "Sitaki tena kukungoja wewe."

Nikamfundisha. Tukauacha mtandao wa sadaka kwa ajili ya benchi, na kibao cha kijani kikabaki mahali pake. Tukatengeneza wa nyumba, tukahamishia kamera humo. Ile ya uani nikaing'oa pale karibu na mfereji, nikaifunga nje ikitazama ukuta waliorukia wezi. Nikamweleza kwa nini neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtu wa nyumbani wala namba ya simu, na kwamba asimpe mtu asiyelala humu ndani. Alisikiliza vizuri kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpata. Alishika haraka.

Tulipofika mahali pa kuandika neno jipya, akaivuta kompyuta upande wake na kuniangalia.

"Geuka," akaniambia.

Nikageuka, nikabaki nautazama ule mfereji wa bati mpaka aliposema tayari.