Siku Mama Alipofunga kwa Ajili Yangu

Niliwaambia wenzangu wa kikundi cha maombi hapa Woolwich, London, kwamba Jumamosi nina mtihani mgumu, nikaomba wanikumbuke. Sikusema mtihani wenyewe ni kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti. Wangenicheka, na habari ingemfikia mama yangu Nakuru kabla sijavua viatu. Lakini niliogopa sana, na nilitaka kuombewa.

Mimi ni muuguzi. Wodini kutwa nzima nazuia wazee wasianguke: shika hapa, polepole, usiinuke peke yako. Labda ndiyo maana nilitamani kuanguka mimi, mara moja tu, kwa hiari yangu.

Kikundi chetu kina desturi yake: mtu akiwa na jambo zito, wote hufunga siku hiyo hadi jioni. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba mkubwa wetu, ambaye sote tunamwita Mama, ana kisukari, kwa sababu mimi ndiye ninayempima sukari kila Jumapili baada ya ibada. Ningeweza kumwambia neno moja tu, asifunge. Sikumwambia. Kusema kweli, nilitaka maombi yake kuliko ya wengine wote.

Jumamosi mlango wa ndege ukafunguliwa, nimefungwa kifuani pa mwalimu wa parachuti kama mzigo. Tukaanguka. Mara woga wote ukaniisha, nikapiga kelele kama mtoto anayeoga mvua. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na hiyo ndiyo inayoniaibisha zaidi.

Tulipotua nilikuwa na njaa kali. Nikala baga mbili pale uwanjani, na ndipo nikawasha simu. Mke wa mchungaji alikuwa amenipigia mara tisa. Mama alijidunga insulini asubuhi kama kawaida, hakula kitu, sukari ikamshuka, akaanguka kwenye kituo cha basi.

Nilifika hospitalini nikiwa bado na matope magotini. Binti yake, aliyezaliwa hapa London, aliniuliza kwa Kiingereza kama mimi, muuguzi mzima, sikujua mama yake anafunga. Nikasema sikujua. Uongo ule ulinitoka bila hata kukwama.

Mama alifungua macho, bendeji imemzunguka kichwa.

“Mtihani umeendaje, mwanangu?”

“Nimepita, Mama.”

“Bwana asifiwe. Basi hatukufunga bure.”

Nilitaka kumwambia. Nilifungua kinywa kabisa, na hapo simu ikatetemeka mfukoni: watu wa parachuti walikuwa wamenitumia video yangu nikiwa angani. Nikairudisha simu mfukoni, nikaketi kando ya kitanda. Mama akadhani nimechoka. Akanyoosha mkono wenye mpira wa dripu, akachukua biskuti mbili alizoletewa na chai, akanisogezea.

“Kula,” akasema. “Najua na wewe hujatia kitu kinywani tangu asubuhi.”

Nikazipokea, nikala zote mbili, naye ananitazama.