Yai Kwenye Chungu cha Chumvi

Nilipoolewa, chumvi ya pakiti ilikuwa imeanza kujaa madukani baada ya miaka ya kupanga foleni. Mama mkwe wangu hakuitaka. Kijiji chao kilikuwa kando ya ziwa la chumvi, si mbali na Singida mjini. Alikwangua udongo wa chumvi ufukweni, akauchuja kwa maji, na maji hayo akayaweka kwenye chungu uani. Upawa mmoja ulitosha sufuria nzima ya mboga. Mimi, mtoto wa Manyoni niliyekulia karibu na stesheni, niliona ni ushamba mtupu. Nilinyamaza tu kwa kuwa nilikuwa na hamu yangu: nilitaka mafiga yangu mwenyewe.

Kwao, mke mpya hakupewa jiko lake mpaka mashangazi wa mume waje, wale chakula chake na kumaliza bakuli. Wakibakiza, angeendelea kupika chini ya mama mkwe. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nisingeuweza mwaka mwingine.

Mama mkwe akaenda Shelui kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alikaa siku nane, na kiangazi kilikuwa kikali. Mfuniko wa chungu nikautumia kufunikia maziwa. Kila siku niliona maji ya chumvi yamepungua, na kila siku nikamlaani jirani yetu kimoyomoyo. Nilikuwa na hakika anachota, hata saa anayokuja niliijua.

Siku ya nane mashangazi wawili wakafika. Nikawaamkia, nikapika kuku na ugali wa mtama, nikatia upawa mmoja kama nilivyofundishwa. Sikuonja. Walikuwa wameketi palepale jikoni, na kuonja mbele yao ilikuwa utovu wa adabu.

Shangazi mkubwa alimeza tonge la kwanza, akamtazama mdogo wake. Wakala mpaka bakuli likabaki mifupa.

"Mke wetu, maji," akasema shangazi mkubwa.

Nikaleta kata. Wakaomba nyingine, kisha nyingine. Kwenye kata ya tatu nilielewa, nikaanza kulia.

Ndipo mama akaingia na kifurushi chake. Akawasalimu wifi zake, akaona kata mikononi mwao, akaona chungu kiko wazi, ukingo wake mweupe kwa chumvi. Alitoa yai lililotagwa asubuhi ile, akalitumbukiza chunguni. Likaelea.

"Jua halinywi chumvi, mwanangu," akasema. "Linakunywa maji tu."

Akaongeza maji kidogo kidogo, akikoroga, mpaka yai likashuka na kusimama katikati. "Upawa mmoja ni wa yai likisimama hapa."

Nikamkumbuka jirani na laana zangu zote, nikaona aibu hadi masikioni. Mama alikuwa amegeuza uso, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Bakuli tumelimaliza," akasema shangazi mkubwa. "Apewe mafiga yake." Akanywa tena, akafuta mdomo. "Na yai apewe."