Namba ya Kulwa na Namba ya Doto

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikishika njia ya Magu, mwanangu. Ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi, nami nilikuwa nimerudi Mwanza na stashahada ya ugavi kutoka Lusaka. Sikusomeshwa na mtu. Nilianza kwa kubeba magunia ya dagaa mwaloni, kwenye soko la samaki la ziwani, nikasoma jioni, nikavuka mpaka, nikarudi na karatasi yenye muhuri. Mpaka leo imo kwenye fremu sebuleni kwangu Kiseke, na mgeni akikalia kiti kikubwa lazima aione. Kiti nilikiweka pale makusudi.

Dada yangu mkubwa, Kabula, ni mkulima wa mpunga kule Magu. Mapacha wake wa kike, Kulwa na Doto, walikuwa wamemaliza kidato cha nne. Kwenye ukoo wetu, jambo lolote la shule likitokea watu husema, "Mpelekeeni Masanja, ndiye msomi." Nami nilipenda kupelekewa. Matokeo yalipotoka nilikwenda Mabatini kwenye duka la kompyuta, nikakuta watu wamejaa hadi barabarani. Nilipenya, nikanakili namba moja tu ya kila mtoto: Kulwa, moja nukta tatu, Doto, tatu nukta moja.

Enzi zetu, mwanangu, namba ndogo ndiyo iliyokuwa nzuri. Daraja la kwanza lilikuwa ushindi. La nne ulimshukuru Mungu ukanyamaza. Lakini mwaka ule utaratibu ulikuwa umebadilika. Walitoa wastani wa alama, na namba kubwa ndiyo iliyokuwa nzuri. Shule iliwaita wazazi kuwaeleza, na dada aliniomba niende kwa niaba yake. Sikwenda. Niliona mwalimu wa sekondari ya kata hana cha kunifundisha mimi.

Basi nikaendesha gari hadi Magu. Nikamkuta dada anaanika mpunga uani, nikamwamkia, nikatoa karatasi yangu.

"Kulwa amefaulu vizuri sana," nikasema. "Aandaliwe kwenda kidato cha tano. Doto ameanguka. Abaki akusaidie shambani."

Kulwa alinitazama kama niliyemtaja mtu mwingine. "Mjomba, una uhakika? Hesabu zenyewe nilikuwa nanakili kwa Doto."

"Ndiyo maana huyo kaanguka," nikajibu. "Alikuwa anakufanyia zako."

Majirani waliokuja kusikia matokeo wakacheka. Doto hakucheka. Akasema taratibu, "Mjomba, mimi nilijibu maswali yote."

"Kujibu si kupatia, mama. Karatasi haisemi uongo."

Mtoto wa Kisukuma habishani na mjomba wake mbele ya watu. Doto aliingia ndani, akatoka na mkebe wake wa hesabu, akampa pacha wake, kisha akashika reki na kugeuza mpunga. Naiona reki ile mpaka leo.

Nilirudi mjini nimejaa ubwana. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, dada akabisha hodi Kiseke akiwa na Doto. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kiti kikubwa.

Hakupandisha sauti. "Masanja, juzi nilikwenda shule kwa miguu. Mimi niliyeishia darasa la saba. Nimemuuliza mwalimu namba hizi maana yake nini, akanieleza kwa muda usiofika wa kuchemsha chai. Doto ndiye aliyefaulu."

Nikaanza kueleza habari za madaraja. Akainua mkono.

"Ile karatasi yako ukutani naiheshimu, mdogo wangu. Nimewaringia nayo majirani zangu. Lakini inasema ulijua nini siku ile ulipopewa. Haisemi unajua nini leo. Ningekaa kimya siku chache zaidi, mtoto angekosa nafasi yake kwa heshima niliyokupa."

Nilimwomba Doto msamaha palepale. Akasema, "Yameisha, mjomba. Ila mkebe wangu Kulwa ameshauandika jina lake." Tukacheka wote, mimi huku nikitazama sakafu.

Doto alikwenda kidato cha tano, na leo ni mwalimu wa hesabu. Kulwa alijifunza kushona. Ana cherehani tatu na wateja wanaompigia simu hata sikukuu. Na ule utaratibu wa namba kubwa? Haukudumu, madaraja yakarudi. Ndipo nilipoelewa kwamba mambo ya shule ni kama kina cha ziwa: uliyekipima mwaka jana, kipime tena kabla hujamvusha mtoto wa mtu.

Siku hizi wazazi wa Kiseke wananijia tena. Wanasikia wapo watoto watakaomaliza msingi darasa la sita badala ya la saba. Juzi jirani yangu aliniambia kwa uchungu, "Mzee Masanja, mwanangu wanampunja mwaka mzima." Ningeweza kumjibu, maana nimesoma waraka wote wa mabadiliko hayo, na waliousoma mtaani kwetu hatuzidi wawili. Lakini nilivaa viatu, nikampeleka kwa mwalimu mkuu, tukakaa wote kwenye dawati la watoto tukauliza. Akatueleza kwamba elimu ya lazima sasa itafika kidato cha nne, kwa hiyo mtoto hapunjwi. Jirani alitoka anatabasamu, na mimi nilikuwa nimejifunza jambo moja nisilolijua.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiitwa kikao cha shule, nenda mwenyewe. Utaratibu ukibadilika, usiupime kwa mtihani ulioufanya wewe. Muulize mwalimu, na mtoto naye umsikilize, hasa yule anayesema taratibu kwamba alijibu maswali yote. Kuuliza si ujinga; ujinga ni kujibu usichoulizia. Soma upate karatasi yako, uitundike, uringe nayo kama ninavyoringa mimi. Ila usiikalie njiani mtoto akashindwa kupita.

Mungu akujalie masikio kabla ya mdomo, watoto wako wakupite kwa mbali, na siku watakapokupita uwe mlangoni unawapigia makofi.