Petro wa Kadzo, Anayetazama Mlangoni

Leo asubuhi nimemwandikia Kadzo, "Umefika wapi?" kama nilivyozoea kila siku ya kazi. Nikatuma. Ndipo nikakumbuka kuwa jana tulimzika. Moyo umekataa, jamani. Umekataa katakata.

Kwa msiomjua, Kadzo alikuwa fundi wa vioo vya rangi, mwenyeji wa Kaloleni. Mimi Athumani, seremala wa Takaungu. Yeye vioo, mimi fremu.

Tulikutana kwenye madirisha ya lile kanisa la mlimani, yaliyoletwa na wamisionari enzi za mababu zetu. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa, vipande vya madini ya risasi vinavyoshika vioo vimelegea, na watakatifu waliochorwa kwenye vioo wamefura matumbo. Hayo ya matumbo ni maneno yake, si yangu!

Siku ya kwanza kwenye site nilimngoja mpaka jua likawa la utosi. Akaja anacheka, mahamri mkononi. "Shika, kula kwanza. Utanigombeza ukishiba."

Dirisha moja lilikuwa la mtume Petro na funguo zake; kwenye joho lake tulikuta kipande cha chupa ya soda. Mtu wa zamani aliona pengo, akaliziba kwa alichokuwa nacho. Nikasema kitupwe. Loo, alinijia juu! "Huyu naye alilipenda kanisa lake. Kinabaki." Na kikabaki.

Halafu likaja lile kosa. Tangu zamani Petro alikuwa akitazama madhabahu. Sasa deadline imetubana, Kadzo akakipachika kioo chote cha Petro nyuma mbele. Hatukugundua mpaka Jumapili ya kukabidhi kazi. Kumbe mtume anatazama mlangoni, na funguo zimehamia mkono wa kushoto!

Kadzo alilia. Kina mama wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mwacheni hapo hapo! Sasa atawaona wanaochelewa misa."

Na mchelewaji mkuu nani? Si yeye mwenyewe! Alikuwa akiingia ameinama, kajifunika leso usoni, ati Petro asimwone.

Lakini kosa lile lilimuuma. Kazi nzuri zote zile, naye akaogopa atakumbukwa kwa hiyo moja. Majuzi, kabla presha haijamwangusha, aliniambia, "Athumani, niahidi tutamgeuza kabla ya Krismasi." Nikaahidi. Mbao za fremu mpya nimeshazikata, ziko karakana.

Kadzo, sasa nazungumza nawe.

Jana jeneza lako lilichelewa. Gari lilikwama kwenye tope la njia ya kupandia mlima, kanisa zima linangoja. Wallahi, mama mmoja nyuma yangu akasema, "Hata leo, Kadzo?" Tukacheka huku machozi yanatutoka.

Ulipoingizwa, sote tuliinamisha vichwa. Hakuna aliyeweza kukutazama. Mimi nikainua macho juu nisije nikaangua kilio, nikamwona Petro. Katika kanisa lote, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amekuelekea, jua limempiga kifuani, na kile kipande cha chupa kinameremeta kijani.

Alikutazama toka mlangoni mpaka ulipowekwa.

Basi nisamehe, mwenzangu. Nilikuahidi, na ahadi hiyo siitimizi. Simgeuzi.

Mola akulaze pema, Kadzo. Pumzika. Sasa hakuna wa kukuuliza tena umefika wapi.