Mkono wa Kulia Kwanza

Siku hizi nafungua kibanda changu cha mitumba pale Iringo, hapa Musoma, kabla jirani yangu hajamaliza kufagia. Wateja wananisifu. "Mama, umekuwa wa mapema!" Nacheka tu, nawaonyesha mashati. Zamani nilikuwa nafika saa tatu, natweta, na matusi yangu mdomoni tayari kwa yeyote atakayeniuliza nilikuwa wapi. Sasa nawahi kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kumvalisha.

Binti yangu alizaliwa kwa shida, na mkono wake wa kulia haukuwahi kufanya kazi sawasawa. Mkono upo, mzuri kabisa, ila kiwiko kimejikunja na vidole vimefumba ngumi, na ukiuharakisha ndiyo unazidi kukaza. Kwa miaka minane nilimvalisha kila asubuhi. Baba yake ni mvuvi, anakaa visiwani wiki mbili, tatu, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamsimamisha katikati ya magoti yangu na kumpaka mafuta, halafu yeye akaegemeza paji la uso wake begani kwangu huku mimi nikiifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja ili ipite kwenye shati.

Hapo ndipo alipokuwa akisema mambo yake. Mchana ukimuuliza habari za shule atakujibu "nzuri", basi. Lakini asubuhi, begani kwangu, aliniambia nani kamsukuma, nani kamfichia daftari, na ndoto aliyoota. Siku moja aliniuliza kama samaki nao huwa wanachoka kuogelea. Nikamjibu kwamba sijui, na asimame vizuri tumechelewa. Laiti ningejua, ningechelewa zaidi.

Shule yetu ya hapa Musoma haikuwa na ubaya, ila watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja. Binti yangu aliketishwa nyuma na kuachwa. Alifika darasa la pili hajui kuandika jina lake, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kumfundisha kuandika kwa kushoto. Nikasikia habari za shule moja ya bweni kule Bunda inayopokea watoto wa namna yake, ina walimu waliosomea kazi hiyo. Nikaenda. Matroni wa bweni, mama mnene mwenye funguo shingoni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maswali matatu.

"Anakulaga mwenyewe?"

"Anakula."

"Chooni?"

"Anakwenda."

"Kuvaa?"

"Namvalisha mimi."

"Mama, mimi watoto ni wengi na mikono ninayo miwili," akasema. "Hapa asubuhi kila mtu anavaaga mwenyewe. Mfundishe. Mlete Januari, avae nikiona, nitampokea."

Ulikuwa mwezi wa tano. Nilitoka pale nikijiambia kwamba mtu anayeuza nguo kutwa hawezi kushindwa kufundisha mtoto kuvaa shati.

Likizo ya Juni tukaenda Nyamuswa kwa mama mkwe wangu. Yule bibi ana msimamo wake kuhusu mikono. Kwao, na nisiseme uongo, hata kwetu, mkono wa kushoto haumpi mtu kitu. Binti yangu alimpelekea maji kwa kushoto, mkono pekee aliokuwa nao wa kushika kikombe, na bibi akakaa na mikono yake mapajani mpaka mtoto alipouinua ule wa kulia na kuugusisha kwenye kikombe. Ndipo akapokea. Kesho yake asubuhi akasimama mlangoni akinitazama nikimvalisha, nikianza na mkono wa kushoto.

"Usianze na huo," akasema. "Nguo inaingiaga na mkono wa kulia. Wa kulia ndiye mkubwa, atangulie."

Mimi nina hasira za karibu. Niliona anautukana mkono wa mwanangu mbele yangu. Mkubwa kwa lipi? Mkubwa anayeshindwa kushika kijiko? Sikumjibu, mkwe ni mkwe, lakini moyoni nilijiapiza kwamba huyu mtoto ataishi kwa mkono wake wa kushoto. Kushoto kutatangulia kwenye kila nguo mpaka bibi aone mwenyewe.

Tukarudi Musoma tukaanza. Mkono wa kushoto uliingia kwenye shati mara moja, vizuri, kwa mbwembwe. Shida ilikuja baada ya hapo. Shati lilikuwa limeshambana mgongoni, na ule mkono uliojikunja ulitakiwa urudi nyuma peke yake ukatafute tundu lake. Haukurudi. Mtoto alizunguka chumbani kama kuku mwenye kamba mguuni, akitokwa jasho, na mimi nikimpigia kelele, "Rudisha! Rudisha nyuma!" Kila belo la mitumba lililofunguliwa nilichagua shati pana zaidi, mpaka akawa anavaa mashati ya watu wazima yanayomfika magotini. Bado mkono ulibaki nje. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa tisa aliketi chini na shati likimning'inia upande mmoja.

"Mama, basi nisiende," akasema. "Uwe unanivalishaga tu."

Nilimwinua, nikamvalisha, akaniegemea. Na lazima niseme nilichohisi, maana nimekaa nacho muda mrefu: nilihisi nafuu. Mtoto wangu alikuwa anaukosa ubao, chaki na jina lake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimefurahi kwa sababu paji la uso wake lilikuwa begani kwangu. Nilipogundua hivyo niliogopa. Wiki iliyofuata nikampeleka Butiama, ambako niliambiwa kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayeona watoto mara moja kwa mwezi.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, mpole, mwenye sauti ya chini. Akamwomba mwanangu avae shati, akatazama kushoto kukiingia, akatazama mzunguko wote ule, kisha akanigeukia.

"Nani alimfundisha kuanza na huu?"

"Mimi."

"Anza na ule unaomsumbua, mama. Huo unatangulia kuvaa, na unakuwa wa mwisho kuvua. Ule mzima utajitafutia njia."

Nikasema, "Wa kulia kwanza?"

"Wa kulia kwanza."

Akamketisha, akamtandikia shati mapajani, tundu la mkono likiwa wazi katikati ya magoti. Mtoto akauinamisha ule mkono ukaning'inia wenyewe, ukalegea, na kwa kushoto akalivuta shati juu, likapita kiwiko, likafika begani. Halafu akalizungusha nyuma ya shingo, na kushoto kukaingia bila taabu. Vifungo alianza na cha chini kabisa, anachokiona vizuri. Alikosea viwili, akafungua, akarudia. Alipomaliza alinitazama kwanza mimi, siyo mtaalamu, na macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na furaha na nilikuwa nimenuna. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, wanasema. Mimi Mkristo, nilisubirishwa mpaka Oktoba. Miezi mitatu ya machozi ya mtoto, kwa sababu tu ushauri ulitoka kwenye mdomo wa mama mkwe.

Krismasi tulikuwa Nyamuswa tena. Asubuhi ya ibada binti yangu alikaa kwenye kigoda, akavaa mwenyewe kuanzia fulana mpaka soksi, bibi akimtazama. Alipomaliza, bibi akanigeukia.

"Si nilisema?"

"Ulisema, mama."

Ilikuwa nzito kuitoa, lakini ilitoka. Akamvuta mjukuu wake, akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili na kuusalimia, kama anavyowasalimia wazee wenzake. Nilitoka nje nikasimama karibu na zizi. Watu wote tangu azaliwe, hata mimi mama yake, tuliuita mkono mbovu. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa ameuita mkubwa.

Januari tukaenda Bunda. Matroni akatandika sare kitandani, akaniambia, "Mama, toka nje." Nikasimama kwenye baraza na begi lake miguuni, watoto wakinipita mbio. Nilisikia kiti kikisogea, nikasikia kimya, nikasikia kimya tena. Mikono yangu ilikuwa inafunga vifungo hewani, bila mimi kuituma. Mlango ulipofunguliwa alitoka na shati, sketi na soksi, kila kitu mahali pake, isipokuwa kola iliyojikunjia ndani. Nikanyoosha mkono. Matroni akaushika.

"Acha. Ataiona mwenyewe."

Akaiona. Akaitoa nje kwa kidole kimoja, akachukua begi lake, akaingia.

Jumapili mchana matroni huwa anawapa simu. Wiki ya tatu, tulipomaliza kusalimiana na baada ya kuniambia kwamba ameandika jina lake lote, nilimuuliza alivaa nini kanisani.

"Gauni la bluu."

Gauni la bluu nililifungasha mimi, siku ya mwisho, chini kabisa ya begi. Ni zuri, nililiona nikajua ni lake tangu belo lilipokatwa. Zipu yake iko mgongoni, ndefu, kutoka kiunoni mpaka shingoni.

"Zipu alikufungia nani?"

"Mwenyewe. Matroni alitia utepe kwenye zipu. Nakaliaga pindo la gauni, halafu navuta utepe kwa juu ya bega. Inapanda yenyewe, mama!"

Nilimwambia hongera, mama yangu, hongera sana, na nilimaanisha. Lakini mimi ni muuza nguo. Nguo haipiti mikononi mwangu bila mimi kujua inafunguliwa wapi, na nilipoliweka lile gauni kwenye begi la mtoto mwenye mkono mmoja wa kazi, nilijua. Nilitaka kibaki kitu kimoja. Nilitaka Jumapili moja asimame bwenini mgongo wazi, aseme, angekuwepo mama.

Simu ilikuwa bado iko sikioni, na yeye alikuwa anapumua upande wa pili, akisubiri niseme neno.

"Na viatu?" nikamuuliza. "Viatu je, anakufungia nani?"