Maombi ya Marita

Mwinjilisti Tuntufye aliposema mbele ya jeneza kwamba sisi tulimpenda Mercy lakini Mungu amempenda zaidi, waombolezaji waliitikia amina. Hapo ndipo Marita, mama yake Mercy, aliposimama.

"Mungu hampendi mtoto kwa meno ya mamba," alisema. "Kama huko ndiko kupenda kwake, mimi asinipende."

Wanawake walimvuta kanga akae. Tuntufye akaendelea na ibada kana kwamba aliyelia ni mbuzi nje ya ua.

Jeneza lilikuwa jepesi, na kila mtu alijua sababu. Binti alikwenda kuchota maji mtoni na wenzake, mamba akamnyakua pale pale ukingoni, na wavuvi walihangaika mpaka jioni wakapata kidogo tu cha kuzika. Mtoni asingekwenda kama pampu ya kijiji ingekuwa nzima. Ilikufa tangu mavuno ya mpunga yaliyopita, na kila mkutano mwenyekiti alisema fundi yuko njiani.

Marita alikuwa mfinyanzi, Mkisi wa ufukweni kama mama yake, na vyungu vyake viliuzwa kwenye masoko ya Mwaya hadi Ngonga. Baada ya mazishi aliacha kwenda kanisani. Daniel, mumewe, alishinda ziwani. Watu wa kufariji walikuja na ndizi na mchele, na maneno yao yalikuwa yale yale: vumilia, usimkufuru Mungu, unao watoto wengine. Marita aliwashukuru kwa kusema ndaga, akapokea, na walipotoka alipiga udongo ngumi hadi mkono ukamuuma. Vyungu vya siku zile karibu vyote vilipasukia motoni.

Mwenyekiti naye alikuja. Alikula wali wa matanga, akafuta midomo, akasema haya yote ni mipango ya Mungu. Marita alimtazama akinawa na maji ya mto ule ule. Alimkasirikia Mungu, ndiyo. Lakini zaidi aliwakasirikia waliojifunika kwa Mungu ili wasiulizwe habari ya pampu.

Siku moja alikuja Prisca, mjane wa Mwaya aliyekuwa akimnunulia vyungu. Hakusema pole. Alikunja mikono ya gauni, akachukua bonge la udongo, akakanda naye. Ni Marita aliyeanza kusema. Alimwambia kwamba hawezi tena kusali. Akipiga magoti yanamjia matusi matupu.

"Basi mtukane, mama Mercy," Prisca alisema. "Mimi nilipomzika mwanangu Eliya, kabla hajaacha kunyonya, nilimtukana Mungu mwaka mzima. Radi haikunipiga. Alikaa akanisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe."

Kesho yake kulipopambazuka Marita alishuka ufukweni. Kiswahili alikiacha nyumbani, maana kwake kilikuwa lugha ya kanisani, imejaa adabu. Alisema kwa Kikisi, lugha aliyoitumia kugombana na kaka zake utotoni. Alimuuliza Mungu alikuwa wapi. Alimuuliza kwa nini alimpa mamba nguvu zile na mtoto miguu myembamba vile. Alifoka mpaka sauti ikakauka.

Hakujibiwa. Lakini alijisikia kama mtu aliyempiga mwenzake ngumi za kifua, na yule mwenzake hakumsukuma. Kisha akakumbuka kwamba hata mwana wa Mungu huyu aliuawa, na mkubwa wa siku zile akanawa mikono. Akakaa mchangani, akalia. Tangu msiba alikuwa hajalia.

Akawa anashuka kila asubuhi. Hasira haikwisha, ila ilijua sasa iende kwa nani.

Jumapili moja, wakati wa matangazo, aliinuka katikati ya kanisa. Alisema amekuwa akizungumza na Mungu, na kwamba hataki tena kusikia jina lake likitumika kuifunika pampu mbovu.

"Anayesema ni mipango ya Mungu," alimalizia, "kesho aje tuchote maji mtoni pamoja. Aingie yeye kwanza."

Mwenyekiti, aliyeketi benchi la mbele, aliangalia viatu vyake. Ndipo Tuntufye akashuka madhabahuni. Alisema aliyoyasema mazikoni yalikuwa maneno mepesi kwa msiba mzito, na kwamba kesho atakwenda, lakini si mtoni. Atakwenda ofisini kwa mwenyekiti.

Kesho yake asubuhi karibu nusu ya kanisa walikaa mlangoni pa ofisi ya kijiji na ndoo tupu, wakikataa kuondoka bila jibu la maana. Fundi, aliyekuwa njiani miezi yote ile, alifika kutoka Kyela kabla ya wiki kwisha.

Maji yalipotoka, mwenyekiti alitaka kwanza wapige picha. Marita alimpita, akajaza ndoo yake, akajitwisha, akaenda zake.

Daniel alimkuta akianza chungu kipya, akamuuliza kama amekwisha kumsamehe Mungu.

"Bado," alisema Marita. "Lakini tunaongea."